Kitambaa cha Mkono wa Kulia

Fundi cherehani mmoja alikuwa na ugonjwa usio na dawa hospitalini: alipenda sinema za kale. Si hizi za siku hizi, ambazo magari yanalipuka kabla hujakaa vizuri. Alipenda zile nyeusi na nyeupe, zisizo na sauti, watu wakitembea haraka haraka kama waliosahau sufuria jikoni, na mwanamke akitaka kusema anapenda, anasema kwa nyusi. Mtaani walimwita Mama Filamu, naye aliitika bila kinyongo, ingawa riziki yake ilitoka kwenye mashati na suruali.

Ugonjwa wenyewe aliupatia kazini. Jumba la sinema la mji lilipofungwa, aliitwa akashushe pazia kubwa jekundu, alikate, alishone upya liwe mapazia madogo ya ofisi iliyokuwa inahamia humo. Alipomaliza, msimamizi akamwambia kuna mashine ndogo ya kuonyeshea filamu imekaa stoo, kama anaitaka aichukue, la sivyo inakwenda kwa muuza vyuma chakavu. Akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Mume wake, dereva wa lori la maji, aliporudi akaikuta mezani inavuja mafuta juu ya kitambaa cha meza.

"Hii nayo inashona nini?" akauliza.

"Inashona watu," mkewe akamjibu.

Tangu siku hiyo, dereva akiulizwa habari za nyumbani alisema wake zake wote wawili hawajambo.

Kila Jumapili saa tisa alasiri, Mama Filamu aliziba madirisha ya chumba cha kushonea kwa bitana nyeusi ya suti, akatundika shuka jeupe ukutani, akawasha mashine. Majirani walikuja na viti vyao. Wenzake walitazama nani kampenda nani; yeye alihesabu marinda. Akiona kola iliyomkuna roho, alirudisha mkanda nyuma aitazame tena, na watu wakampigia kelele.

"Mama Filamu, tuache tujue kama jambazi kakamatwa!"

"Atakamatwa tu, atakwenda wapi? Mkanda wenyewe unakwisha. Hebu oneni kwanza mkono wa lile gauni ulivyopachikwa."

Alijifunza mwenyewe kuunga mkanda uliokatika, kuusafisha kwa pamba, kuukagua picha moja baada ya nyingine kwa ile lenzi ndogo ya kukagulia nyuzi za kitambaa. Alijua pia kwamba filamu ikianza kufa hunuka siki, kwa hiyo kila kopo jipya alilifungua akalinusa kwanza, kama mpishi anayenusa maziwa ya jana. Muuza vyuma chakavu alikuwa amekwisha kumzoea. Kila kopo la bati la mviringo alilolipata alimwekea pembeni.

Sasa ngoja nikueleze habari za wazee wawili, maana bila wao hakuna kisa.

Baba mzazi wa Mama Filamu alifanya kazi kiwanda cha mikate, na hata baada ya kustaafu aliitwa Mzee Mikate. Baba mkwe wake alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na minne. Huyo ni Mzee Posta. Miaka arobaini na moja nyuma, wote wawili wakiwa vijana wenye damu inayochemka, yalifanyika mashindano ya baiskeli kati ya kiwanda cha mikate na posta. Wote walivaa mashati meupe na kofia. Namba hazikuwepo, basi wakafungwa vitambaa: watu wa mikate mkono wa kulia, watu wa posta mkono wa kushoto. Mwishoni, wawili hawa wakawaacha wenzao wote, wakaja sako kwa bako ndani ya vumbi, wakapita kwenye mstari. Mwamuzi akanyoosha kidole kwa mtu wa posta, kombe likaenda kwa mtu wa posta, na Mzee Mikate akagoma kuamini mpaka leo.

"Angeniibia pochi ningemsamehe," alizoea kusema. "Huyu kaniibia gurudumu zima! Nilimpita gurudumu zima!"

Usidhani walikuwa maadui. Watoto wao walipopendana hakuna aliyeweka pingamizi. Walisalimiana, walitaniana, walizika na kuozesha pamoja kama wakwe wanavyopaswa. Lakini lile kombe lilikaa juu ya kabati sebuleni kwa Mzee Posta, limeelekea mlangoni, na Mzee Mikate alikuwa ameapa hatakaa chumba kimoja na mali ya wizi. Kwa hiyo akija kwa mkwe wake aliketi nje, kibarazani, kwenye kiti cha plastiki, chini ya dirisha la sebule. Mwenyeji naye aliketi ndani, upande wa pili wa dirisha hilohilo. Wakapiga soga hivyo, mmoja ndani mmoja nje, vikombe vya chai vikipitishwa kati ya nondo. Siku ya harusi ya watoto wao alikaa nje. Wajukuu walipozaliwa alikaa nje, akaletewa watoto awaone dirishani. Mvua ikinyesha, alifungua mwavuli.

Watu walicheka, na Mama Filamu alicheka nao, mpaka mwaka ule kifua cha baba yake kilipoanza kumsumbua. Daktari akamwambia waziwazi: mzee asikae kwenye upepo. Mzee akaitikia vizuri, akanunua sweta, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki. Mwanawe akamsihi, akanuna, hata akalia kidogo. Mzee hakubanduka. Basi Mama Filamu akawa na ombi moja tu katika dunia hii: baba yake aingie ndani.

Ndipo kopo lilipopatikana.

Alikuwa anampima mteja kiuno wakati muuza vyuma chakavu alipoliacha mlangoni. Alilifungua, akanusa: siki kidogo, si mbaya. Akavuta mkanda mkono mmoja, akauinua kwenye mwanga, akaweka lenzi jichoni. Baiskeli. Mashati meupe. Vitambaa mikononi. Akapiga ukelele mpaka mteja akajishika kiuno akidhani kachomwa na pini.

Jioni alimweleza mumewe, maneno yakimtoka mbiombio. Dereva akakuna kichwa.

"Na ikionekana baba yangu ndiye aliyeshinda?"

"Basi baba yangu ataona kwa macho yake."

"Baba yako huyu huyu? Mke wangu, huyo atasema hata filamu ni mfanyakazi wa posta."

Alikuwa hakosei sana. Mzee Mikate alipoalikwa alisema atakuja, lakini akaongeza kwamba kama picha zitamwonyesha ameshindwa, basi aliyezipiga alikuwa na kengeza. Mzee Posta yeye alisema tu, "Vizuri, mwanangu. Nitakuja nione tulivyokuwa wembamba."

Mkanda ulikuwa umekatika mahali pawili na umechafuka. Mama Filamu alikesha nao siku tatu, usiku na mchana, kama mtu anayeuguza, akausafisha, akauunga, akauzungusha upya kwenye gurudumu lake. Jumapili ilipofika chumba kikajaa. Wazee wawili waliketi kila mmoja ncha yake ya benchi, katikati yao majirani wanne, kwa usalama.

Mashine ikaanza kunguruma. Shukani zikatokea baiskeli zimeegemezwa ukutani, na watu wote wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Mzee Posta akainama mbele, akakaza macho. Kisha wakaonekana waamuzi watatu wamevaa makoti, wanacheka na mtu asiyeonekana. Mama Filamu akamwona mmoja wao ana mfuko wa kifuani upande wa kulia, akacheka kimoyomoyo: fundi gani huyo, alishona amelewa? Hakupata nafasi ya kufikiri zaidi, kwa sababu barabara ilikuwa imetokea, nyeupe kwa vumbi, watu wamejipanga huku na huku, na kwa mbali vitu viwili vidogo vinakuja.

Vikaja. Vikakua. Vikawa wanaume wawili waliolala juu ya usukani, kofia zimefunika nyuso, miguu inazunguka kama gurudumu la cherehani. Hakuna aliyepumua chumbani. Kamba ya kumalizia mbio ikakatika, na aliyeikata, mbele ya mwenzake kwa gurudumu zima, alikuwa na kitambaa kwenye mkono wa kulia.

Kila mtu akajigusa mkono wake kuhakikisha.

"Kulia!" Mzee Mikate akaruka kama amekalia sindano. "Kulia jamani! Gurudumu zima! Nimesema nini mimi? Miaka arobaini na moja nasema nini?"

Picha zikaishia hapo, shuka likabaki jeupe. Majirani wakambeba mzee juu juu, wakamzungusha chumbani, wakaangusha sanamu ya kupimia nguo. Mzee alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mama Filamu alizima mashine, akamtazama baba mkwe wake kwa hofu. Mzee Posta hakuwa akitazama shuka. Alikuwa anamtazama mwenzake, na alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akanyoosha mkono.

"Umenipiga, mkwe," akasema. Akatoka.

Watu wakadhani amekasirika. Baada ya robo saa akarudi, amebeba kitu kilichozungushiwa gazeti. Lilikuwa kombe. Akamkabidhi Mzee Mikate kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Siku hiyo mtaa mzima ulikubaliana kwamba Mzee Posta ni mwanamume wa haja.

Kesho yake, Jumatatu, mteja mmoja akaleta koti lipunguzwe. Mama Filamu akalitandika mezani, akashika chaki, akaanza kupiga mistari. Mkono wake ulipofika kwenye mfuko wa kifuani ukasita. Kushoto. Bila shaka kushoto. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua mfuko wa kifuani wa koti la mwanamume hukaa kushoto, na vifungo hukaa kulia. Akakumbuka lile koti la mwamuzi.

Fundi mmoja anaweza kulewa, sawa. Akatoa mkanda kwenye kopo, akashika lenzi, akawatafuta waamuzi. Koti la kwanza: mfuko kulia. La pili: kulia. La tatu: kulia. Sasa mafundi watatu wote walewe siku moja? Taratibu akaugeuza mkanda, upande wa pili ukamwelekea. Mifuko yote mitatu ikarudi kushoto. Akasogeza mpaka mwisho, kwenye kamba inayokatika. Kitambaa cha mshindi nacho kilikuwa kimehamia kushoto.

Akakaa sakafuni.

Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la fundi cherehani. Filamu zake zote za nyuma zilikuwa na vitundu vya kushikwa na meno ya mashine upande mmoja tu, na ukizipachika vibaya mashine inazikataa. Hii ilikuwa na vitundu pande zote mbili, ya kwanza ya namna hiyo kupita mikononi mwake, na mashine iliipokea vyovyote. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Siku ile alipokuwa anaizungusha alijiuliza upi ndio uso, na vidole vyake vikajibu vyenyewe: kwenye kitambaa, upande unaong'aa ndio uso. Hivyo ndivyo ilivyo kwa hariri na hivyo ndivyo ilivyo kwa bitana. Akaiweka filamu ya watu kama anapachika bitana, na dunia nzima ikageuka, kulia ikawa kushoto. Laiti kungekuwa na bango moja lenye maandishi pale barabarani, mtu angeona herufi zimepinduka. Halikuwepo.

Kwa hiyo mwamuzi hakuwa mwizi, wala hakuwa na kengeza. Mzee Posta alishinda, na kombe lake sasa liko kwa mtu mwingine.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa baba mkwe amweleze. Njiani alipiga moyo konde mara tatu. Alipofika kibarazani akakuta kiti cha plastiki kitupu, na kicheko cha baba yake kinatoka ndani. Akachungulia. Mzee Mikate alikuwa ameketi kwenye kochi, sebuleni, viatu amevua, miguu ameipandisha juu ya kistuli kama aliyezaliwa humo. Juu ya kabati, mahali pa kombe, palikuwa na duara safi lisilo na vumbi.

"Karibu mwanangu, ingia!" baba yake akampokea, utadhani nyumba yake. "Kumbe humu ndani kuna joto zuri! Huyu bwana alikuwa ananificha nini?"

Mama Filamu akameza maneno yake yote, akanywa chai, akarudi nayo nyumbani tumboni. Usiku alimweleza mumewe kwa sababu asingelala. Dereva akamsikiliza, akajifunika shuka mpaka masikioni.

"Usiniingize mimi," akasema kutoka ndani ya shuka. "Mimi nilikuja kuoa, sikuja kuamua mashindano."

Wiki ikasonga. Mzee Mikate kila siku alikwenda kwa mkwe wake, akaingia ndani, akarudi anapiga mluzi. Kikohozi kikapungua. Nyumbani kwake alilipangusa kombe asubuhi na jioni, na muuza maziwa alilazimika kulishika kabla ya kuondoka. Mama Filamu akawa na furaha na aibu kwa pamoja, na aibu ikawa inapanda juu kila siku. Yeye ndiye aliyekuwa akiwahubiria watu kwamba picha ya zamani haisemi uongo! Ikamuuma kwamba ilisema uongo kwa kinywa chake, na aliyelipa ni mzee ambaye hajawahi kumwita mkaza mwana, alimwita mwanangu tangu siku ya kwanza.

Alhamisi akashindwa kuvumilia. Alimkuta Mzee Posta uani, baiskeli yake ameipindua matairi juu, anaziba pancha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipe hicho kipande cha msasa."

Akampa. Kisha akaanguka magotini pale pale kwenye mchanga. "Baba, nimekukosea. Filamu ile niliipachika kinyume. Kitambaa cha mshindi kilikuwa mkono wa kushoto. Ni wewe, baba. Ulishinda wewe."

Mzee Posta aliendelea kusugua mpira kwa msasa.

"Umejuaje?"

"Makoti ya waamuzi. Mifuko ilikuwa upande usio wake."

"Aa," mzee akasema, kama aliyefurahi kujua. "Makoti sikuyaona mimi." Akaigeuza baiskeli, ikasimama kwa miguu yake. "Njoo huku. Simama hapa. Mnyororo unauona?"

"Nauona."

"Gurudumu la mbele limeelekea wapi?"

"Kulia kwangu."

"Siku zote ni hivyo. Mnyororo ukiwa unakutazama, baiskeli inakwenda kulia. Haijatengenezwa baiskeli nyingine. Sasa kwenye sinema yako, zile zilizoegemezwa ukutani, mnyororo ulikuwa unatutazama na baiskeli zinakwenda kushoto. Nimeendesha baiskeli ya posta miaka thelathini na minne, mwanangu. Unadhani naweza kuona kitu kama hicho nisishtuke?"

Mama Filamu akakaa chini mchangani. "Ulijua? Tangu mwanzo? Kabla hata mbio hazijaanza?"

"Kabla hata hao waamuzi wako hawajatokea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Halafu baba yako akaruka." Akaweka msasa chini. "Uliuona uso wake?"

"Niliuona."

"Basi."

Mzee akapaka gundi, akapuliza ikauke.

"Kombe lile nilinywa nalo chai miaka arobaini na moja," akasema. "Halizungumzi. Rafiki yangu anazungumza, na alikuwa nje kwenye baridi. Nilijaribu kulificha kabatini zamani, marehemu mama mkwe wako shahidi. Baba yako akasema linanuka hata likiwa kabatini. Nikataka kumpa, akakataa, akasema hataki sadaka. Ulikuja wewe na mashine yako, ukanipa njia. Mwache alale nalo."

"Na ukweli, baba? Mimi siwezi kuishi na filamu iliyopinduka."

"Ukweli uko kwenye kopo lako. Unakwenda wapi? Wewe ulinde usinuke siki. Sisi wawili tukishaondoka, uupachike sawasawa, uwaonyeshe wajukuu, wacheke. Hapo hutakuwa na deni kwa yeyote kati yetu." Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba. "Sasa inuka, unachafua gauni."

Jumapili iliyofuata onyesho lilihamia sebuleni kwa Mzee Posta. Mzee Mikate ndiye aliyelitaka, kwa sababu kuna wastaafu wanane wa kiwanda cha mikate ambao walikuwa hawajaona, na haikubaliki mtu afe bila kuona. Madirisha yakazibwa. Dirisha la sebule nalo likazibwa, lile la nondo, na hakuna aliyelikumbuka.

Mama Filamu alisimama mbele ya mashine, mkanda mkononi, upande unaong'aa huku na uliofifia kule. Kwa mpenzi wa sinema, kupachika kinyume kwa kujua ni sawa na kushona mkono wa shati ndani nje kisha kumkabidhi mteja huku unatabasamu. Akamtazama baba mkwe.

"Pachika kama siku ile, mwanangu," Mzee Posta akasema kwa sauti ya kawaida. "Ilitoka vizuri sana."

Anayetaka kumhukumu, amhukumu. Alipachika kama siku ile.

Baiskeli zikapita, waamuzi wakacheka na mifuko yao ya kulia, barabara ikaja, vumbi likaja, wanaume wawili wakaja. Kamba ikakatika. Wastaafu wanane wa mikate wakapaza sauti mpaka glasi zikalia kabatini, na aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Mzee Posta, mpaka viganja vyake vikawa vyekundu. Bitana zikashushwa, mwanga ukaingia. Wote wakamgeukia mshindi aseme neno.

Mzee Mikate hakuruka safari hii. Alikuwa bado anatazama shuka tupu, anapangusa macho kwa sweta.

"Lakini yule wa pili," akasema.

"Wa pili nani?" mmoja wa wastaafu akauliza.

"Huyu hapa. Mkwe wangu." Akamgeukia Mzee Posta. "Siku ile ya kwanza nilijitazama mimi tu. Leo nimekutazama wewe. Unaona ulivyokuwa unakuja? Ningelegea kidogo tu ungenimeza. Sijawahi kuona mtu anaendesha baiskeli vile. Nilikuwa najua tangu siku ya mashindano, lakini ningelisemaje, na kombe lilikuwa kwako?"

Mzee Posta akasogeza kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikukusikia vizuri, mkwe."

"Nasema sijawahi kuona mtu anaendesha baiskeli kama wewe."

"Hili sikio siku hizi..."

Mama Filamu alijua fika kwamba masikio ya baba mkwe wake ni mazima kabisa. Yalisikia sindano ikianguka nyumba ya tatu. Akainamia mashine, akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na doa.

"Jamani, mkwe wangu kawa kiziwi!" Mzee Mikate akanyanyuka kwenye kochi, akaenda kuketi karibu naye, bega kwa bega, akamwekea mdomo sikioni na kurudia kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia. "Wewe! Ulikuwa! Hatari! Hakuna kama wewe!"

Mzee Posta akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema asante, na neno hilo dogo lilimchukua muda kulitoa.